Siku Mwalimu Atuganile Aliposutwa

Mpangaji wangu wa chumba cha mbele anaitwa Atuganile. Mtaa mzima humwita Mwalimu, ingawa shule aliiacha zamani. Ni mwanamke wa Tukuyu, mrefu, mwembamba, mjane asiye na mtoto. Alikuja Dar kumfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapa Chang'ombe. Mume akafariki, yeye akabaki. Akafundisha shule za msingi mpaka sauti ikamkauka. Daktari akamwambia koo limechoka, aache kupaza sauti. Sasa mwalimu asiyeweza kupaza sauti mbele ya darasa la watoto mia atafanya nini? Akaomba kupumzishwa mapema, akahamia kwangu na kitanda chake, jiko la mkaa, na Biblia aliyoishonea jalada la kitenge.

Mie ni Muislamu na yeye ni Mkristo, na hatujawahi kukwaruzana. Nikisimama kuswali, yeye hupunguza redio. Jumapili akienda kanisani, mie humtazamia maharage yasiungue. Naandika habari zake kwa sababu walioanza kuzisimulia hawakuzisimulia kama zilivyokuwa, na mie nilikuwepo, kila kitu kilifanyika kwenye kibaraza changu.

Kitu kilichokuwa kikimuuma Mwalimu tangu yuko shuleni ni insha za watoto. Alikuwa akiniambia jioni, tukikaa kupata upepo: "Mama Khalfani, mtoto kalala na njaa, kaja shuleni miguu imejaa matope, ukimwambia aandike insha anakuandikia habari za kwenda mbuga za wanyama kwa ndege. Ndege hajaipanda, mbuga hajaiona. Kakariri. Wote wamekariri ileile. Unasahihisha daftari hata chozi linakutoka."

Basi akaniomba kibaraza, Jumamosi baada ya alasiri. Nikampa. Watoto wakaanza kuja, kwanza wa humu ndani, kisha wa nyumba za jirani, kisha wa ng'ambo ya gereji. Hakutaka malipo. Alitandika mikeka miwili, na kwa kuwa sauti yake ni ya kunong'ona, watoto walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mie nilidhani atawafundisha imla. Wapi! Alikuwa na mazoezi yake, ya ajabu ajabu.

Siku moja aliwafunga macho kwa vitambaa, akawazungusha uani kwangu mmoja mmoja, halafu akasema waandike walipopita kwa pua tu. Wakaandika moshi wa kuchomelea vyuma kutoka gereji, sabuni ya kufulia, choo changu (nilitahayari), na kitunguu cha jirani kilichokuwa kikiungua. Siku nyingine akawapeleka karibu na mlango wa msikiti wakati wa swala, wakatazama viatu vilivyovuliwa. "Chagueni jozi moja," akawaambia. "Uso wa mwenyewe hamuujui. Niandikieni yeye ni nani." Gibson, mtoto wa fundi rangi, akachagua ndala iliyofungwa kwa waya, kisigino kimelika upande mmoja. Akaandika: Mtu huyu anatembea kama anamkwepa mtu. Watu wakatoka kuswali, na mwenye ndala akawa yule muuza mkaa wetu. Kweli bwana, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akavaa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Katika watoto hao alikuwepo Najat, wa darasa la sita, binti wa Zuena wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Zuena mnamfahamu mtu wa namna yake hata kama hamumjui yeye: mchangamfu, mwenye mkono wa kutoa, hodari wa kusuka mikeka na hodari zaidi wa maneno. Kila analolieneza hulifunga kwa kusema, "Lakini mie sisemi, unanijua, mie sisemi kabisa." Najat hakuchukua mdomo wa mama yake. Alikuwa mtoto wa kukaa karibu na wanawake wakichambua mchele, kichwa kakiinamisha, ungedhani anahesabu mawe. Kumbe anasikiliza.

Mwalimu alipowapa zoezi la midomo, ndipo Najat alipoonekana. Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: andika watu wawili wanazungumza, usiweke "akasema" wala "akajibu", wala usieleze nani mnene nani mwembamba. Tuwajue kwa wanavyoongea tu. Sikilizeni nyumbani, sikilizeni bombani, sikilizeni gengeni. Kisha akaongeza neno ambalo baadaye lilimtokea puani. "Majina badilisheni, msije mkaaibisha watu. Ila midomo yao iacheni kama ilivyo."

Yeye alidhani jina ndilo linalomtambulisha mtu.

Siku ile Najat alimsomea Mwalimu mwanzo tu wa alichoandika, pembeni, wauza samaki wawili wakigombea kivuli. Mwalimu akaja jikoni kwangu, nikadhani kaumwa. Akasema, "Mama Khalfani, miaka yote niliyofundisha nilikuwa namwomba Mungu anipe mmoja. Mmoja tu, ambaye anasikia na anaweza kuandika alichosikia. Kanipa sasa, sauti imekwisha."

"Mshukuru tu," nikamwambia.

"Namshukuru. Lakini naogopa. Mtoto wa hivi akikatizwa sasa, harudi tena. Nimewaona."

Kutoka siku hiyo nikajua anachokitaka duniani ni kitu kimoja: Najat asiache kuandika.

Ramadhani ilipokaribia, Mwalimu akapanga siku ya kusoma, wazazi waje wasikie kazi za watoto. Mie nilikaanga visheti. Watu wakaja wengi kuliko tulivyotarajia, maana siku ya watoto ni burudani isiyo na kiingilio. Zuena alikuja kavaa dera jipya, kakaa mbele kabisa, na ubavuni kwake kakaa shoga yake wa chanda na pete, Mama Twalib.

Mama Twalib naye niwaelezeni. Mumewe ni dereva wa malori. Kwa siku nyingi alikuwa haonekani mtaani, na ukimuuliza mkewe atakujibu, "Yuko Tunduma, foleni ya mpakani mwaka huu imezidi." Nasi tukimpa pole ya foleni. Kila Ijumaa alipika samaki wa kupaka, harufu ikaja mpaka kwangu, akisema leo huenda baba Twalib akaingia. Ni mwanamke wa heshima zake, anayetembea polepole.

Leodegar akasoma habari za kikohozi cha babu yake, wazee wakatikisa vichwa. Gibson akasoma ndala. Kisha Najat akasimama na karatasi yake. Akasema kawaacha wauza samaki, hawa wa leo ni wapya, hata Mwalimu hajawasikia, wanaitwa Bi Tausi na Bi Chiriku. Watu wakacheka kabla hajaanza. Akaanza kusoma, na mie nakwambieni, yule mtoto mkimya alibadilika mbele yetu, akawa wanawake wawili watu wazima.

"Haya, mume wa shoga yako karudi?"

"Arudi wapi! Hebu rudishia mlango kwanza. Eti Tunduma. Tunduma gani ya tangu wakati wa mvua? Tunduma yake iko Mbezi Luis, ina bati jekundu na mtoto anayetambaa."

"Astaghafirullah! Kakwambia nani?"

"Mwenyewe! Kakaa hapo hapo ulipokaa, kalia, nikamfuta machozi kwa pindo la kanga yangu. Lakini mie sisemi, unanijua, mie sisemi kabisa."

"Na wale samaki wa Ijumaa?"

"Anakula na paka. Usicheke! Nakwambia usicheke, we mwanamke, yule ni rafiki yangu."

Mwanzoni kibaraza kizima kilikuwa kinacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Zuena huyo!" kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepatia jibu la chemshabongo. Kicheko kikaendelea kidogo, halafu kikaanza kufa, safu kwa safu, kadiri kila mmoja alivyoelewa samaki ni wa nani. Najat alisoma mpaka mwisho. Hakujua. Alikuwa akiwatazama Bi Tausi na Bi Chiriku kichwani mwake, hakututazama sisi.

Mama Twalib akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akavaa viatu, akaniambia mie, "Ahsante kwa visheti," akaenda zake polepole kama kawaida yake. Afadhali angepiga kelele.

Sasa huku kwetu uswahilini, mtu akikutolea siri au akikuzulia, dawa yake ni kumsuta. Unakusanya wanawake wenzako, mnavaa kanga za sare, mnakodi tarumbeta na ngoma, mnakwenda mpaka mlangoni kwake mchana kweupe. Anatolewa nje, shahidi analetwa, anaulizwa mbele ya watu: nani kasema? Akishajulikana, anaimbwa na kuzomewa, na kutoka siku hiyo akipita watu wanamnyooshea kidole. Wengine huhama.

Na kwa haki ya Mungu, wa kusutwa alikuwa Zuena. Siri kapewa yeye, katoa yeye. Lakini fikirini na Mama Twalib. Akimsuta Zuena, amekiri kwamba siri ilikuwepo, kwamba alilia kwenye mkeka wa Zuena, kwamba Mbezi Luis kuna bati jekundu. Akimsuta mtu mwingine, maneno yote yanakuwa uzushi, na mumewe anarudi Tunduma kwenye foleni. Zuena aliliona hilo kabla ya mwenzake. Jua halijazama yuko mlangoni kwa Mama Twalib anajipiga kifua: "Shoga, niangalie machoni! Mie na wewe tumekula sahani moja! Mtoto wangu ana akili gani ya kujua Mbezi Luis? Ni yule mwalimu. Anawatuma watoto wachungulie nyumba za watu, halafu anayatia chumvi yeye mwenyewe na kuwapa wasome. Mie nimekaa tu, mtoto wangu anatumika!"

Mama Twalib alijua. Siri hiyo hakumpa mtu mwingine. Akamtazama Zuena, akasema, "Basi ni mwalimu."

Wakafutana machozi.

Tuliyasikia hayo kutoka kwa watoto, maana watoto hawafichwi kitu. Nikamwambia Mwalimu, "Nenda kwa dada yako Tukuyu ukakae mpaka yapite." Akasema hana alilofanya. Nikamwambia, "Ndio wanaosutwa hao, wasio na walilofanya na wasio na watu." Ni mgeni, mjane, hana shangazi wala wifi mtaani wa kusimama naye. Mtu kama huyo kumwangushia jambo ni rahisi. Halina gharama.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Najat akaja. Macho yamevimba, mkononi ana alama za mwiko. Akapiga magoti kwa Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umepigwa?"

"Kidogo." Akavuta pua. "Mwalimu, watakuja keshokutwa na tarumbeta. Mama kasema nikisimama nikasema umeniandikia wewe, ataniruhusu niendelee kuja Jumamosi. Nikisema ni mimi, sitakuja tena na atanipeleka kwa bibi Mkuranga."

Mie nilitaka kusema neno, Mwalimu akaninyooshea kiganja.

"Na wewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kuja. Nina nyingine, ya msusi na mteja wake, bado mwisho."

"Basi sema ni mimi."

"Lakini uongo, Mwalimu."

"Nitaubeba mimi huo. Wewe malizia ya msusi."

Alipoondoka nikamuuliza Mwalimu kama anajua kusutwa kukoje. Akasema anajua, ameishi hapa miaka yote, ameshaona. Akasema, "Watanizomea siku moja, Mama Khalfani. Yeye ataandika miaka hamsini." Hesabu hiyo aliipiga mwenyewe, na mie nikaona ni hesabu nzuri.

Wakaja. Tarumbeta lilisikika tangu kwenye gereji, mafundi wakazima mashine zao wapate kuona. Wanawake wamevaa sare ya zambarau, Zuena yuko mbele na kibwebwe, mkono mmoja kamshika Najat kifundo cha mkono. Mama Twalib alikuwa katikati, hachezi, kajitanda kanga mpaka puani. Wakaimba waliyoyatunga njiani:

"Mwalimu wa mdomo, toka nje!
Chaki imekwisha, waandika nyumba za watu!
Toka nje, toka nje!"

Mwalimu akatoka. Alikuwa kavaa gauni lake la kanisani. Akasimama kwenye ngazi ya kibaraza changu, mikono kaikunja mbele.

"Kavaa la kipaimara!" mmoja akapiga kelele, wakacheka.

"Nyie, huyu hasikiki, mpeni spika!"

"Asikike kwa nini? Kazi yake kunusa vyoo vya watu!"

Zuena akanyoosha mkono, tarumbeta likakaa kimya. Akamvuta Najat mbele. "Haya, sema mbele ya kadamnasi. Maneno uliyosoma hapa, ya kumzushia mama wa watu, nani kasema?"

Najat akatazama chini. "Mwalimu."

"Hatusikii!"

"Mwalimu."

"Wewe uliandika hata moja?"

Hilo hawakuwa wamekubaliana. Niliona mtoto anainua uso, anamtazama mama yake, anamtazama Mwalimu. Maandishi yale ndiyo kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvifanya, na alikuwa anaulizwa mbele ya mtaa kama ni chake.

Mwalimu akamjibia, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na watu ilibidi wanyamaze wamsikie. "Hakuandika. Nimeandika mimi yote. Nilimpa asome tu, hakujua maana yake. Maneno ni ya kwangu, nimeyazua. Mama Twalib, nisamehe."

Vigelegele! Ngoma zikalia kwa pamoja. Wakamzunguka, wakampungia upawa usoni, mmoja akammwagia unga wa chaki aliosaga makusudi, gauni likawa jeupe kifuani. Mama Twalib hakusogea. Nilimtazama macho, maana ndiyo pekee yaliyokuwa nje ya kanga, na hayakuwa na furaha. Lakini hakumwambia mtu aache. Najat alikuwa kasimama pale pale alipoachwa, mikono kaining'iniza, na wanawake wanacheza kumzunguka kama vile ni nguzo.

Walipokwisha nikampelekea Mwalimu maji ya kunawa. Akauliza, "Najat kaenda salama?"

Jumamosi akatandika mikeka. Hakuja mtu. Mama yake Leodegar alipita, akasimama barabarani bila kuingia. "Mwalimu, sio sie. Sie tunakujua. Ila watu watasema." Mama yake Gibson hakupita kabisa. Mwalimu akakaa mpaka adhana ya magharibi, akaikunja mikeka yake. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Mie nikawa namtazama anavyoinua shingo kila miguu ya mtoto ikisikika kichochoroni, na nilikuwa nikimwomba Mwenyezi Mungu amlete yule mmoja tu, wengine basi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza ya mfungo, Zuena akaja na bakuli la tambi na sambusa, kwa mlango wa uani. Akaniamkia vizuri, akamgeukia Mwalimu. "Nimekuletea futari, Mwalimu. Najua hufungi, lakini jirani ni jirani. Yale yamepita."

"Ahsante," Mwalimu akasema. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Najat anakuja lini?"

Zuena akacheka kidogo, akatazama ndala zake. "Ah, Mwalimu."

"Ulimwahidi."

"Nilimwahidi, ndiyo. Mtoto si anaahidiwa?" Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza nilimwona Zuena anaongea bila kujichezesha. "Mwalimu, nikwambie kweli. Wewe umeniokoa, Mungu akulipe, sitokusahau. Lakini yule mtoto namwogopa. Alikuwa kakaa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Kayachukua yote, mpaka nilivyovuta pumzi. Mtu gani atakaa na mtoto huyo ndani? Kalamu yake nimeitupa jikoni. Hesabu afanye, Kiingereza afanye. Hayo mengine, hapana."

"Zuena, yule ana kipaji ambacho..."

"Ana masikio mabaya, Mwalimu. Ndicho alichonacho. Akiolewa yatamwachisha." Akafunga kanga. "Bakuli nitamtuma mtu."

Mwalimu alibaki na lile bakuli mikononi mpaka nikampokea. Akaniambia neno moja tu jioni ile: "Kumbe nilimuuza Najat bure." Tambi hakuzigusa. Nikala mie, maana chakula si cha kumwaga.

Haya yametokea mwaka jana. Mwalimu bado yuko chumba cha mbele. Baada ya Sikukuu wazazi wawili watatu walimjia, wakamuuliza kama anaweza kuwafundisha watoto hesabu, maana mtihani wa darasa la saba unakaribia. Sasa Jumamosi kibaraza kimejaa tena, wanagawanya na kuzidisha, na wazazi wanamsifu, wanasema Mwalimu katulia siku hizi. Hesabu haina mdomo. Analipwa hata. Hajawahi tena kumpeleka mtoto kutazama viatu.

Najat aliruhusiwa kubaki, hakupelekwa Mkuranga. Lakini jina limemganda. Akitumwa gengeni, wanawake wanamwona kutoka mbali: "Haya, haya, Mwandishi huyo!" na wanageuza maneno, wanaanza kuulizana bei za nyanya. Nyumbani kwao mama yake akija na mgeni, yeye hutolewa nje. Mtoto aliyekuwa anaishi kwa kusikiliza, mtaa mzima umekubaliana kumnyamazia.

Juzi nilikuwa kwa Vaileth, msusi wetu, nasubiri zamu yangu. Wanawake walikuwa wanne na maneno yamenoga, wanacheka hadi kushikana mapaja. Najat akaingia na mafuta ya nywele mkononi, katumwa kusukwa. Akatuamkia sote, shikamooni, kwa adabu. Kimya kikatuangukia. Vaileth akaendelea kuchana kichwa cha mteja kama mtu anayechana ukuta.

Najat akakaa kwenye kigoda cha pembeni, akatusubiri kidogo. Halafu akasema, taratibu, kama anatuonea huruma, "Semeni tu, mama zangu. Mie siandiki tena."

"Aa, mwanetu, tulikuwa tumeshamaliza," mmoja akamjibu.

Tukakaa hivyo hivyo mpaka zamu yake ikafika.